Trela ya Kondoo

Jumamosi, mjini Gore, kusini kabisa ya New Zealand.
Baridi ya Juni imezing'ata nati,
na mimi na dada yangu Raewyn
tunang'oa kizimba cha kondoo kwenye trela ya baba.
Boliti kumi na mbili. Tisa zilikubali spana,
mbili zilitaka nyundo na matusi,
moja tumeiacha. Ina kiburi chake.

Shamba liliuzwa Machi. Kondoo waliondoka na lori la watu,
ila harufu yao haikuuzwa,
imekaa ndani ya mbao
kama mgeni aliyekwisha kula na haagi.

Mimi nilitaka tangi liwe nyuma,
karibu na mlango, mkono uifikie valvu upesi.
Nikachora kwa chaki, nikajisifu.
Raewyn, miaka kumi na mmoja dereva wa malori ya maziwa,
akaifuta chaki yangu kwa kisigino.
"Lita mia nane ni kilo mia nane," akasema,
"tena si kilo za mawe.
Jiwe ukiliambia kaa, linakaa.
Maji ukifunga breki yenyewe yanaendelea na safari."

Nikabisha. Kaka mkubwa asipobisha ana kazi gani?
Tukajaza nusu, tukashika mteremko wa kwenda Mataura,
na kwenye kilomita sabini trela ikaanza kucheza,
mkia kushoto,
mkia kulia,
hata gari letu nalo likaanza kuitikia.
Raewyn hakukanyaga breki.
Aliuondoa mguu polepole,
kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto.
Tuliposimama kando ya ua wa watu
hakusema nilikwambia.
Alimenya chungwa, akanipa nusu.
Nusu! Nikala kimya.

Basi tangi likahamia juu ya ekseli,
likasogea mbele kidogo, upana wa kiganja,
ili ndoano ibebe fungu lake isilemewe.
Injini tukaiweka kulia, moshi wake ukitazama nje,
na chini yake vipande vya tairi kuukuu,
mtetemo ufie hapo.
Mpira wa mita sitini ukajikunja kwenye gurudumu lake.
Dumu la klorini likapewa kona ya peke yake, mikanda miwili,
maana klorini na petroli havifai kujuana.
Na pampu tutaikamua kila jioni hadi tone la mwisho:
baridi ya huku hupasua shaba usiku mmoja,
bila kelele, kama deni.

Baba alitutazama siku zote tatu kutoka dirishani,
kikombe mkononi, chai imeshapoa.

Kazi ya kwanza ya mashine ikawa trela yenyewe.
Nikavuta kamba, injini ikakohoa, ikakubali,
na samadi ya miaka thelathini ikaanza kutoka vipande vipande,
kijivu, kisha kahawia, kisha rangi ya kijani
niliyokuwa nimeisahau.
Ubavuni zikajitokeza herufi za mama, zimepinda kuelekea chini
kwa sababu alipaka akiwa amechuchumaa, ana mimba ya Raewyn:
GILFEDDER, WAIKAKA.
Nikaachia kifyatulio.
Kuvu ya mapaa ya watu nitaiondoa kwa bei,
ila hii rangi, sentimita moja karibu zaidi
na ingekwenda zake.

Hapo baba akatoka. Akanyoosha mkono.
Nikampa bomba, nikapunguza presha.
Raewyn akanitazama, nami nikamtazama:
atazifuta au ataziosha?

Baba aliinamisha bomba chini
akaosha buti zake za mpira.
La kushoto. La kulia. Nyayo pia,
huku ameushika ukuta wa trela kwa mkono wa pili,
kiganja juu ya herufi W.

"Inasukuma vizuri," akasema,
akarudi ndani, na kwa mara ya kwanza tangu Machi
akayaacha mabuti nje ya mlango.